Popote duniani

Ukumbi wa hoteli, Dar es Salaam, Jumamosi asubuhi. Maonyesho ya vyuo vya nje: bendera ndogondogo juu ya meza, peremende kwenye mabakuli, vijana wa mawakala ndani ya suti na joto ambalo kiyoyozi kilikuwa kimelishindwa. Nilikuwa nimemsindikiza mpwa wangu anayetaka uhandisi wa umeme. Yeye alinasa kwenye meza ya Malaysia. Mimi nikajikuta nimesimama nyuma ya mzee mmoja na binti yake, mbele ya meza ya Ulaya.

Binti akasema anataka kusoma saikolojia.

"Hapo umechagua," wakala akamwambia, kisha akamgeukia baba. "Miaka mitatu tu, mzee. Akimaliza ni mwanasaikolojia kamili. Anafungua kliniki yake popote duniani."

Mzee alikuwa na kijidaftari cha mfukoni. Akaandika taratibu, kama mtu aliyezoea kuandika madeni ya duka. Nilikuwa karibu kiasi cha kusoma. Miaka 3. Chini yake: popote duniani. Akayapigia mstari yale maneno mawili, ndipo akauliza bei.

Mpwa wangu akaja kunivuta mkono, tukaondoka.

Zimepita wiki kadhaa na ule mstari haujaniacha. Nilisoma saikolojia Uholanzi, shahada ya kwanza na ya uzamili, nikarudi nyumbani. Kazi ninayoifanya leo niliipata kwa vyeti hivyo. Lakini sina kliniki. Kule nilikosoma sheria hainitambui kama mtu wa kutibu, na hapa nyumbani nisingethubutu kufungua mlango na kutundika kibao kwa nilichofundishwa kule. Sasa mzee yule angenigeukia na kuniuliza, ningemweleza nini kabla hajalipia fomu?

Miaka mitatu ya nini

Kuhusu miaka mitatu wakala hakudanganya. Shahada ya kwanza ya saikolojia Uholanzi ni miaka mitatu, krediti 180. Groningen, Amsterdam, Maastricht, Leiden na Tilburg wamekuwa wakiifundisha kwa Kiingereza, ndiyo maana vijana wanaotoka nje ya Ulaya huangukia huko. Ujerumani nako ni mitatu, na vyuo vingi vya umma havitozi ada, ila shahada ya kwanza ya saikolojia karibu kila mahali inasomwa kwa Kijerumani na nafasi zinagombewa kwa alama za juu sana.

Kisichosemwa mezani ni kilichomo ndani ya miaka hiyo.

Takwimu. Mwaka wa kwanza takwimu, mwaka wa pili takwimu, mwaka wa tatu tasnifu, ambayo ni takwimu zilizovishwa maelezo. Freud na kochi lake la kulazia wagonjwa nilikutana nao kwenye mhadhara mmoja wa historia, kisha hawakuonekana tena. Tuliambiwa saikolojia kama sayansi ilianzia Leipzig mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake, na tangu hapo kazi ni kupima: mtu anachukua muda gani kuitikia sauti, anakumbuka maneno mangapi, wastani ni upi na umetawanyika vipi. Jioni zangu nyingi ziliishia mbele ya programu ya takwimu iitwayo R nikitafuta mabano yaliyopotea.

Hili lina uzito kwa watoto wetu kuliko kwa wa Ulaya. Vyuo vikuu vya utafiti vya Uholanzi vinataka hesabu za mwisho wa sekondari kwa anayeomba saikolojia. Shuleni kwetu, saikolojia inahesabiwa ni ya watu wa sanaa, wale wanaojua kuongea na watu. Binti wa HGL (historia, jiografia na lugha) aliyeagana na hesabu kidato cha nne kwa shangwe anaweza kujikuta anatafuta mwalimu wa kumrudisha kwenye milinganyo kabla hata hajafikiria viza. Mimi iliniokoa BAM, lile somo la nyongeza la hesabu ambalo darasa zima tulikuwa tunaliona mzigo.

Halafu kuna saa za kuwa panya wa maabara. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anatakiwa kushiriki majaribio ya watafiti ili apate krediti zake. Unaingizwa chumba kidogo kisicho na dirisha, unakaa mbele ya kompyuta, unabonyeza kushoto ukiona uso wenye hasira na kulia ukiona uso wenye furaha. Nilibonyeza sana.

Siku moja, nikisubiri zamu yangu kwenye korido, nikawaangalia wenzangu kwenye foleni. Waholanzi, Wajerumani, wote wa miaka kumi na tisa au ishirini, wote wa mwaka wa kwanza wa saikolojia. Na mimi. Nikawaza: tutakachobonyeza humu ndani kitaandikwa kwenye jarida kama tabia ya binadamu.

Binadamu wa aina moja

Wapo waliokuwa wamelihesabu jambo hilo. Mwaka 2008 Mmarekani Jeffrey Arnett alipitia majarida makubwa ya saikolojia ya nchini mwake na kukuta kwamba asilimia 68 ya waliofanyiwa utafiti walikuwa Wamarekani, na asilimia 96 walitoka nchi tajiri za Magharibi. Miaka miwili baadaye Joseph Henrich na wenzake wa Kanada wakaongeza kwamba nchi hizo zina takribani asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Wakaonyesha pia, kipimo baada ya kipimo, kwamba watu hao ndio wasio wa kawaida ukiwalinganisha na wengine.

Makala hiyo tulipewa tuisome. Hilo nitawasifia walimu wangu bila kinyongo. Tulipewa, tukaijadili kwa saa moja, tukakubaliana wote kwamba ni tatizo kubwa, na wiki iliyofuata tukarudi kwenye kitabu kilekile.

Kipo kisa kimoja kilichonisumbua kuliko asilimia hizo. Ni cha hapa jirani.

Sebuleni, karibu na Kampala

Mhadhara wa ukuaji wa mtoto. Kwenye skrini inachezwa video ya jaribio linaloitwa Hali Ngeni. Mama na mtoto wa mwaka mmoja wako kwenye chumba chenye vitu vya kuchezea. Anaingia mtu mtoto asiyemfahamu. Mama anatoka, anarudi, anatoka tena, anarudi tena. Kama dakika ishirini hivi. Anachofanya mtoto mama anaporudi ndicho kinachompa kundi lake: huyu ameshikamana na mama kwa usalama, huyu anamkwepa, huyu anamng'ang'ania huku anampiga. Slaidi iliandikwa Mary Ainsworth, Baltimore.

Wenzangu walikuwa wanamtazama mtoto. Mimi nilikuwa namtazama yule mgeni. Mbona hambebi? Kwetu Muheza mtoto wa mwaka mmoja ameshapita mikononi mwa bibi, shangazi, dada wa kazi, jirani wa kushoto na fundi aliyekuja kuezeka. Mtu mzima anayekaa kitini akimwangalia mtoto analia ndiye ambaye angefanyiwa uchunguzi.

Nikaenda maktaba kumtafuta huyo Ainsworth. Kitabu chake kikubwa cha kwanza kuhusu watoto, cha mwaka 1967, hakihusu Baltimore. Kinahusu Uganda.

Alifika Kampala mwaka 1954 kwa sababu mumewe alikuwa amepata kazi kwenye Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki. Akapata familia 26 za Waganda zenye watoto ambao hawajaachishwa ziwa, katika vijiji vya karibu na mji. Akawa anazitembelea kila baada ya wiki mbili, saa mbili kila anapokwenda, kwa muda uliofika miezi tisa. Hakwenda peke yake. Alikuwa na mkalimani, Katie Kibuka, na walikaa sebuleni saa za alasiri, muda ambao wanawake wa Kiganda hupokea wageni. Humo ndimo alimoona mtoto akimfanya mama kituo chake: anatambaa kwenda kuchungulia dunia, akitishika anarudi, akitulia anatoka tena. Humo pia aliona kwamba akina mama waliokuwa wanamjua mtoto wao kwa undani, wanaoweza kukueleza habari zake bila kuulizwa sana, ndio wenye watoto waliotulia.

Aliporudia kazi hiyo Baltimore miaka ya 1960, tena na familia 26, alikuta watoto wa pale hawashtuki mama akitoka chumbani. Wamezoea. Ndipo akatunga kile chumba cha maabara, ili aone kwa Wamarekani kile ambacho kijijini Uganda alikiona bila kutunga chochote.

Jaribio la dakika ishirini ndilo lililosambaa duniani. Lilipopelekwa Bielefeld, Ujerumani, karibu nusu ya watoto wakaangukia kundi la wanaomkwepa mama. Ama watoto wa Bielefeld wana matatizo makubwa, ama wazazi wa kule wanawalea wajitegemee mapema na kipimo hakijui hilo. Miezi tisa ya kukaa sebuleni na Katie Kibuka haikusambaa popote. Kwenye slaidi zetu haikuwa hata na mstari wake.

Nilikaa nacho kitabu kile hadi maktaba walipoanza kunitumia ujumbe wa kukidai.

Baada ya hapo nikawa naona jambo lilelile kila ninapogeuka. Lile jaribio maarufu la mtoto kuachiwa kitamu kimoja mezani, akisubiri bila kukila anapewa cha pili: mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya watoto wa miaka minne wa Wanso, wakulima wa Kameruni, wakilinganishwa na wenzao wa Ujerumani. Wanso wakangoja karibu asilimia 70. Wajerumani asilimia 28. Na huko Bonde la Ufa, miaka ya 1970, Charles Super alionyesha kwamba watoto wa Wakipsigis wa Kokwet wanakaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, kwa sababu mama zao wanawafundisha kukaa na kutembea kwa makusudi kabisa. Ila kutambaa, ambako hakuna anayejali kukufundisha, hawatangulii. Kitabu chetu cha kiada kilitaja umri wa kukaa kana kwamba uko kwenye mifupa.

Kliniki ya nani

Hapa ndipo popote duniani inapokwama zaidi, na hapa ni suala la sheria, wala si la nadharia.

Uholanzi mtu yeyote anaweza kujiita mwanasaikolojia, jina hilo halilindwi. Linalolindwa ni jina la mwanasaikolojia wa huduma za afya. Kulipata, baada ya uzamili unaingia mafunzo ya miaka miwili ukiwa kazini kwenye taasisi ya tiba. Nafasi ni chache, wanaozigombea ni wengi, na kila kitu ni Kiholanzi, maana mgonjwa wa Groningen haji kulia kwa Kiingereza ili akurahisishie. Ujerumani walibadilisha sheria, ikaanza kutumika Septemba 2020: uzamili maalumu wa saikolojia ya kliniki na tiba, mtihani wa serikali, ndipo leseni, kisha miaka mingine ya kubobea. Uingereza majina kama mwanasaikolojia wa kliniki yako chini ya baraza la kusajili wataalamu wa afya, HCPC, tangu 2009, na njia ya kawaida ni shahada ya udaktari ya miaka mitatu ambayo watu huiomba mwaka baada ya mwaka. Marekani kila jimbo lina leseni yake na kwa kawaida linataka uzamivu. Afrika Kusini ni uzamili, mwaka wa mazoezi kazini, mwaka wa kuhudumia jamii, vyote chini ya baraza lao la afya. India wana baraza lao. Kenya wana sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014, na bodi yake.

Popote kati ya hizo, shahada ya kwanza ya miaka mitatu peke yake haikufanyi mwanasaikolojia wa kliniki.

Mpwa wangu akihitimu Kuala Lumpur, transfoma ya Kibaha haitamuuliza amejifunzia lugha gani. Mtu anayeingia chumbani kwako usiku wa tatu hajalala atakuuliza, hata kama hatatumia maneno. Kwa hiyo sheria hizi sizilaumu. Zimewekwa kumlinda huyo. Ninachosema ni kwamba kuchagua chuo cha saikolojia ni kuchagua pia watu utakaowahudumia, na wengi tunachagua chuo kwanza, kisha tunashangaa watu wametoka wapi.

Wakala anaweza kujibu: si lazima awe wa kliniki. Kweli. Saikolojia ya kazi, ya elimu, ya masoko, utafiti; zote ni mkate halali na wengi tuliohitimu pamoja wako huko. Lakini yule mzee hakupigia mstari saikolojia ya masoko.

Maswali tisa

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini baada ya kurudi, afisa utafiti kwenye mradi wa afya ya akili mkoani Tanga. Zahanati moja ya vijijini, benchi la mbao chini ya mwembe, dodoso mkononi. Ni lile la maswali tisa linalotumika dunia nzima kupima sonona, na lina toleo la Kiswahili. Kila swali linauliza, katika wiki mbili zilizopita, jambo fulani limekusumbua mara ngapi: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, au karibu kila siku. Sifuri mpaka tatu. Jumla ya juu kabisa ni 27, na kuanzia 10 unaanza kuwa na wasiwasi.

Mama aliyekuwa mbele yangu ni wa umri wa mama yangu mkubwa. Kila swali alinijibu kwa adabu, akaniita daktari, akasema anamshukuru Mungu. Usingizi? Tunalala, mwanangu. Chakula? Kinapatikana. Nikajumlisha. Nne.

Kwa kanuni za kazi yangu, huyu mama yuko sawa. Nikamshukuru, nikafunga faili.

Sista wa zamu alikuwa amesimama mlangoni na beseni. Akamwuliza yule mama, kama vile anauliza habari za njiani, shamba la mihogo amelifikisha wapi mwaka huu. Mama akanyamaza. Akasema hajalima. Tangu mwezi wa Ramadhani hajalima, hajakwenda kwenye kikundi, mjukuu ndiye anayechota maji. Sista akaweka beseni chini, akakaa naye kwenye benchi, wakaongea mpaka jua likahamia upande wetu.

Dodoso halina kosa. Limejaribiwa kwa Kiswahili na linafaa, na hata siku hiyo lilikuwa linauliza kitu kilekile alichokiuliza sista. Lakini ni nani aliyekuwa amefunzwa kuuliza? Sista yule ana stashahada ya uuguzi na miaka mingi pale. Mimi nilikuwa na vyeti viwili vya Ulaya na kozi nzima ya mbinu za mahojiano, niliyofaulu kwa alama nzuri kwa kuigiza na mwanafunzi mwenzangu Mjerumani aliyejifanya amefiwa na paka.

Yule mama aliandikiwa rufaa ya hospitali ya wilaya. Sista ndiye aliyeiandika.

Kilichorudi na mimi

Sasa msomaji atasema: kumbe ulipoteza muda. Nimejiuliza hivyo pia, hasa usiku wa siku ile, na sikupata jibu la moja kwa moja.

Kilichorudi na mimi ni mashaka yaliyopangika. Mwaka 2015 watafiti wengi walijiunga wakarudia tafiti 100 zilizokuwa zimechapishwa kwenye majarida mazuri ya saikolojia. Zilizotoa tena matokeo yenye uzito wa kitakwimu zilikuwa asilimia 36. Nilikuwa darasani tulipojadili hilo na nikamwona profesa wetu, mtu mzima, akitueleza bila kuona aibu ni ipi kati ya imani zake za kitaaluma iliyoanguka. Sijawahi kumwona mkubwa akifanya hivyo mbele ya wadogo, kabla wala baada. Leo mtu akiniletea ripoti yenye grafu za kupendeza kuhusu vijana wa Tanga, najua pa kumshika: uliwauliza wangapi, uliwapataje, uliuliza kwa lugha gani, waliokataa ni akina nani. Hiyo kazi nchi inaihitaji na wanaoiweza ni wachache.

Kwa hiyo takwimu, zile nilizozichukia, ndizo zilizovuka mpaka bila kuulizwa viza.

Kuna mtu mmoja ninayependa kumtaja hapa, na sijawahi kukutana naye. Profesa Amina Abubakar, Mkenya, ambaye uzamivu wake aliupata Tilburg, Uholanzi. Shida aliyokuwa akiifanyia kazi ilikuwa Kilifi: utampimaje mtoto wa miezi sita au miaka miwili wa Pwani kama mwili wake unakua sawasawa, wakati vipimo vyote vilivyopo vimetungwa kwa watoto wa kwingine na vifaa vyake vinauzwa ghali? Wakatengeneza kipimo chao, kikachapishwa mwaka 2008 kwa jina la Kilifi, kinachoangalia mtoto anavyojimudu kwa miguu na anavyoshirikisha macho na mikono, kwa vitu vinavyopatikana palepale. Alikwenda Ulaya kuchukua mbinu. Swali aliondoka nalo nyumbani.

Hapo naona tofauti kati ya safari yake na ile iliyokuwa ikiuzwa mezani. Binti wa miaka kumi na tisa hawezi kuwa na swali la Kilifi. Hajakaa kwenye benchi lolote bado. Simlaumu, na mimi nilikwenda hivyohivyo.

Hesabu za mzee

Niseme ya fedha kwa kifupi, maana mzee aliuliza bei.

Anayekwenda Ujerumani bila mfadhili anatakiwa aonyeshe fedha ya kujikimu kwenye akaunti maalumu iliyofungwa. Mwaka 2024 ilipandishwa hadi euro 11,904 kwa mwaka, na hapo ada mara nyingi ni sifuri. Uholanzi na Uingereza ongeza ada ya mwanafunzi wa kutoka nje, ambayo ni mara kadhaa ya anayolipa mwenyeji. Fadhili kubwa zinazojulikana kwetu, Chevening ya Uingereza, Jumuiya ya Madola, DAAD ya Ujerumani, karibu zote zinaanzia uzamili, na Chevening inataka uwe umeshafanya kazi miaka miwili. Maana yake ni kwamba shahada ya kwanza nje, mara nyingi, inalipwa na shamba la mzee. Ya pili inaweza kulipwa na mtu mwingine.

Na ya pili ndiyo inayohusika na wagonjwa. Muhimbili kuna uzamili wa saikolojia ya kliniki. Makerere upo. Chuo Kikuu cha Nairobi upo. Unafanya mazoezi wodini, chini ya msimamizi, na wagonjwa wanaolia kwa lugha unayoota nayo.

Kwa hiyo mimi, kama mzee angeniuliza, ningesema asome ya kwanza hapahapa Afrika Mashariki, afanye kazi hata miaka miwili mahali penye benchi, kisha aende nje na swali lake, kwa hela ya wengine. Kama nia ni kliniki, aifanyie mafunzo nchi anayotaka kuishi, na lugha yake aanze kuisoma leo. Najua ushauri huu una tundu. Kuna kinachopatikana ukiwa na miaka kumi na tisa peke yako kwenye baridi la Februari ambacho hakipatikani ukiwa na thelathini na watoto wawili. Yule profesa aliyeungama mbele yetu nisingekutana naye Muheza. Na wapo waliofuata njia hii ninayoisifu, wakamaliza nyumbani, wakakosa kazi, swali likafia mezani kwenye ofisi ya bima.

Bado napinda mara huku mara kule. Ila jambo moja limeamuliwa wiki hizi.

Nimejaza fomu ya uzamili wa saikolojia ya kliniki. Hapahapa nchini, kuanzia moja, na wenzangu wa darasa watakuwa wadogo kwangu. Sista yule nimemwomba aniandikie barua ya mdhamini. Akaniuliza kama wanakubali barua ya muuguzi, nikapiga simu kuulizia, bado sijajibiwa.

Mama yangu anaona haya kuwaeleza majirani. "Kwani shahada ya Ulaya imeisha muda wake?" ameniuliza, na hakuwa anatania. Nimemwambia nikidahiliwa nitakuja nyumbani nimweleze vizuri. Kwa sasa napiga hesabu ya nani atanishikia kazi ya uwandani siku za Jumatano, maana mradi unaisha Desemba na bado kuna kata mbili hatujazifikia.